Ubao, Wino na Wasomaji
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani, Busawe)



Nimeombwa niseme machache juu ya historia. Nimechagua picha za dini zilizopigwa chapa Ulaya miaka 500 iliyopita, kwa sababu ziwa letu la Nyanza nalo lina habari inayofanana na hizo.

Siku zile fundi alichonga ubao, akaacha mistari ya picha imeinuka, akaipaka wino, akakandamiza karatasi juu yake. Ubao mmoja ulitoa nakala nyingi. Hivyo picha iliyokuwa ukutani mwa kanisa ikaingia nyumbani kwa mtu asiyejua kusoma. Mwaka 1498 Albrecht Dürer alitoa picha za Ufunuo wa Yohana. Septemba 1522 likatoka Agano Jipya la Martin Luther kwa Kijerumani, pamoja na picha za karakana ya Lucas Cranach. Humo mnyama wa Ufunuo amevikwa taji la Papa. Wakubwa wakakasirika, na katika chapa ya Desemba taji lile likaondolewa. Maneno yaliwahitaji wasomaji, lakini picha ile hata mkulima aliielewa.

Sasa tuje Nyanza. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland, alifika Buganda mwaka 1878. Mwanzoni alifundisha kwa maandiko ya Kiswahili, kazi ya Edward Steere wa Unguja. Kisha akachonga herufi za mbao kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za kusomea kwa Kiganda. Waumini wakaitwa wasomaji. Mwaka 1885 na 1886 Kabaka Mwanga aliwaua wengi wao. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mojawapo ni kwamba kijana wa ikulu sasa alikuwa na amri nyingine, tofauti na ya mfalme. Mwaka 1887 Mackay alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, upande huu wa Tanzania, akaendelea na kazi mpaka alipofariki Februari 1890.

Ndugu zangu, Wittenberg na Buganda watu walibadilika walipopewa jambo kwa lugha yao, likaingia mikononi mwao. Hapa Busawe wazee wetu wanaondoka na habari zao vichwani. Sisi tuliosomeshwa na wazazi waliouza ng'ombe tunadaiwa. Naomba kila mmoja wetu aandike habari za mzee mmoja kabla ya mkutano ujao, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, tuzipige chapa katika jarida letu.