Rangi Zinazofichua Metali

Msikilizaji, tuiangalie kemia ya vitendo shuleni. Mwanafunzi akidondoshea sodiamu haidroksaidi kwenye maji yenye shaba, mashapo ya buluu hujitokeza. Chuma hutoa ya kijani au ya kahawia-nyekundu. Risasi ikikutana na potasiamu iodaidi, njano kali!

Sasa, hili linakuhusuje wewe? Risasi kwenye maji ya kunywa hudhuru ubongo wa mtoto. Kuna wanaosema kazi ya kuipima ni ya mashine, na wana hoja: kikomo cha risasi katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi kisichoonekana kwenye neli ya majaribio. Lakini anayekariri rangi ubaoni bila kuziona hajajifunza kupima. Je, shule zisizo na maabara zitatupatia wapimaji gani?