Nauli ya Umra kwa Pointi za Kadi ya Mkopo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na kuharimisha riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kujibu suala linalotufikia kutoka kwa wazazi ambao watoto wao wanaishi Marekani. Kijana humpigia simu mama yake aliyeko Tanga au Lamu, akamwambia: Mama, jitayarishe, Inshallah mwezi wa Rajabu utakwenda Umra, na nauli ya ndege haitatoka mfukoni, bali italipwa kwa pointi za kadi. Mama hufurahi na kumwombea mwanawe dua. Kisha usiku hujiuliza: hizo pointi ni kitu gani, na je, safari yangu itakuwa ya halali? Hilo ni suala la mtu mwenye kumcha Mola wake, wala haifai kulijibu kwa neno moja.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kadi ya mkopo ni ahadi ya benki kumlipia mteja dukani, naye aje ailipe benki ifikapo hesabu ya mwezi. Mwenye duka hapati bei yake kamili. Hukatwa kiasi ambacho huko Marekani aghalabu hukaribia asilimia 2, na sehemu ya makato hayo humrudia mwenye kadi kwa sura ya pointi. Mashirika ya ndege nayo yana hesabu zao za maili. American Airlines ilianzisha mpango wake mwaka 1981. Siku hizi benki hununua maili hizo kwa wingi na kuwagawia wateja.

Thamani ya pointi haiko mahali pamoja. Mathalan, ikiwa tiketi inauzwa dola 1,200, nawe ukaipata kwa pointi 50,000 pamoja na kodi za dola 200, basi pointi zako zimekutolea dola 1,000, yaani kila moja imekuwa na thamani ya senti 2. Pointi hizo hizo, ukizibadilisha kwa vyombo vya nyumbani kwa nusu senti kila moja, zitakupa dola 250 tu. Kwa hiyo anayetaka kumsafirisha mzazi asizitawanye ovyo. Shirika la Ndege la Ethiopia, lipitalo Addis Ababa kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah, limo katika umoja wa Star Alliance pamoja na United ya Marekani, na maili za United zaweza kununua kiti humo. Lakini kiti kitafutwe kwanza, ndipo pointi zihamishwe kutoka benki, zikishahamishwa hazirudi. Tena zisiwekwe miaka mingi kama dhahabu, kwani shirika laweza kupandisha idadi ya maili zinazotakiwa, na mwenye nazo hana pa kushitaki. Mama naye ajue kwamba viza, nyumba ya Makka na chakula vyote vitahitaji fedha taslimu.

Sasa tufike penye hatari. Riba ya kadi za Marekani mwaka 2024 ilikuwa wastani wa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Kijana aliyenunua vitu vya dola 3,000 akapata pointi 3,000 amepata, kwa hesabu ya senti moja moja, dola 30. Deni hilo likikaa mwaka mzima kwa asilimia 21, riba yake itakuwa kama dola 630. Wala tusidhani ni wachache wanaonaswa. Mwaka 2023 madeni ya kadi katika nchi hiyo yalipita dola trilioni moja. Wachumi waliochapisha utafiti wao katika Benki Kuu ya Marekani mwaka huo huo walikadiria kwamba kwa njia ya zawadi za kadi dola bilioni 15 kila mwaka huhama kutoka kwa watu wenye elimu ndogo na kipato kidogo kwenda kwa wenye elimu na wenye nacho. Sisi hatuoni kuwa jambo hilo ni dogo.

Wanazuoni wanasemaje? Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Riyadh mwaka 2000, lilikataza kadi isiyo na fedha za mwenyewe nyuma yake ikiwa mkataba wake una sharti la riba, hata kama mtu amenuia kulipa kabla ya muda kwisha. Wako wanazuoni wengine waliowalegezea wanaoishi katika nchi hizo, kwa sharti kwamba deni lilipwe lote kila mwezi. Sisi tunamnasihi kijana atumie kadi inayokata fedha zake mwenyewe, hata kama pointi zake ni haba. Ama pointi zenyewe si riba, kwa sababu ni manufaa yanayomwendea mkopaji, si mkopeshaji. Na mama aliyepewa tiketi na mwanawe amepokea zawadi. Mkataba wa mwana na benki hauko shingoni mwake, na Umra yake ni sahihi.

Hata hivyo amwulize. Katika Sahihi ya Bukhari imesimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu, asiache cha kulilipa, akawaambia masahaba wamswalie wao, hakumswalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Dinari tatu! Na katika Sahihi ya Muslim ametajwa msafiri wa mwendo mrefu, nywele timutimu na vumbi tele, anainua mikono kuomba, ilhali chakula chake na nguo zake ni za haramu.

Basi, mama, kabla hujashona nguo za safari, mpigie mwanao umwambie: mwanangu, hesabu ya kadi ya mwezi huu umeilipa yote? Akisema bado, mwambie Al-Kaaba haihami, alipe kwanza. Rajabu nyingine itakuja, na ukiwa hai utakwenda.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwetu na kwenu.