Mpiga Gitaa na Tamaa ya Chombo Kipya



Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo kila kijana apendaye muziki amekwisha kuliona, ama kwake mwenyewe ama kwa mwenziwe. Mtu hana gitaa, naye asema, "Laiti ningekuwa na gitaa moja tu, nisingetaka kitu kingine." Apata gitaa. Mwezi haujaisha, asema gitaa hili halina sauti, alitakalo sasa ni gitaa la umeme. Apata la umeme, kisha ataka amplifaya kubwa zaidi, yaani chombo cha kukuza sauti. Baada ya hapo ataka vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu, ambavyo huifanya sauti ikwaruze, au irudi kama mwangwi wa mlimani. Na akisha kuvipata vyote, mwamwona tena amesimama mbele ya duka, akitazama gitaa jingine. Basi swali letu ni hili: Je, mpiga gitaa aweza kutosheka na vyombo alivyo navyo?

Wako watakaojibu upesi kwamba hawezi, kwa kuwa tamaa ya mwanadamu haina mwisho. Lakini jibu hilo ni jepesi mno. Seremala ambaye randa yake imeliwa na kutu ataka randa nyingine, wala hatumwiti mtu wa tamaa. Twajua kwamba kazi yake yamdai. Vivyo hivyo kwa mpiga gitaa. Yafaa tupambanue mambo mawili: kuna kutotosheka kwa sikio, na kuna kutotosheka kwa jicho. Mwenye kutotosheka kwa sikio aweza kukuambia ni nini kilichopungua, kwa hiyo upungufu wake waweza kutimizwa. Mwenye kutotosheka kwa jicho hawezi kuutaja upungufu wake. Ajua tu kwamba cha mwenziwe chang'aa zaidi. Huyo hatatosheka hata akipewa duka zima.

Na tuutazame mfano wa mtu aliyesumbuliwa na sikio. Katika mwaka 1963, huko Uingereza, kijana mmoja aitwaye Brian May alitamani gitaa la umeme. Magitaa mazuri ya madukani yaligharimu fedha nyingi kuliko uwezo wa jamaa yake. Basi yeye na baba yake, Harold May, aliyekuwa fundi wa mambo ya umeme, waliazimia kulitengeneza lao wenyewe. Shingo ya gitaa waliichonga katika ubao wa juu ya meko ya zamani, ubao uliokuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Matundu yaliyotobolewa na wadudu waliyaziba kwa njiti za kiberiti. Vifungo vya lulumizi vilivyotoka katika sanduku la ushonaji la mama yake vikawa alama za kumwonyesha mahali pa kuweka vidole. Springi mbili zilitoka katika injini ya pikipiki kuukuu. Kazi hiyo iliwachukua miaka kama miwili.

Sasa sikilizeni. Gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, nazo hukaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, huamsha umeme kidogo katika waya ule, na amplifaya huukuza umeme huo hata ukawa sauti kuu. Sumaku na waya hizo May alizitengeneza kwanza kwa mkono wake, na sauti ilimpendeza. Lakini kila aliposukuma uzi kwa kidole upande upande ili kuupandisha, sauti iliingiwa na mkwaruzo. Huo ndio upungufu uwezao kutajwa. Basi alinunua sumaku tatu zilizotengenezwa na fundi wa kiwandani, akaziweka mahali pa zile zake, na upungufu ukaisha. Gitaa lenyewe hakulitupa. Alilipiga katika kundi la Queen, pamoja na mwimbaji Freddie Mercury, ambaye alizaliwa kwetu Unguja mwaka 1946. Na mwezi wa Juni 2002 alipanda nalo juu ya paa la jumba la kifalme la Buckingham, London, akalipiga mbele ya umati mkubwa. Yaani gitaa lililochongwa katika ubao wa meko lilidumu naye kwa muda wa miaka karibu arobaini, na bado halijamchosha.

Mfano wa pili ni wa Eric Clapton, Mwingereza pia. Mwaka 1970 alikuwa katika mji wa Nashville, Marekani, akanunua magitaa kadha wa kadha ya namna moja. Mengine aliwagawia rafiki zake. Yaliyobaki yalikuwa matatu. Akayafungua, akachukua shingo ya hili, kiwiliwili cha lile, na sumaku za jingine, akayaunga yakawa gitaa moja. Hilo lilikuwa jeusi, naye akaliita Blackie, akalitumia kwa miaka mingi mpaka likachubuka rangi na kupata alama za moto wa sigara. Mwaka 2004 aliliuza mnadani kwa dola 959,500, na fedha hizo zikaenda kukisaidia kituo alichokianzisha katika kisiwa cha Antigua kwa ajili ya kuwatibu watu waliotekwa na ulevi.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwezi wa Novemba 2006, kiwanda kilitoa magitaa 275 yaliyofanywa kuwa mfano kamili wa Blackie, pamoja na michubuko yake na alama zake za sigara. Katika Marekani Kaskazini kila moja liliuzwa dola 24,000, nayo yakaisha kwa siku moja. Siwalaumu walionunua, maana mali ni yao, na ukumbusho wa mtu umpendaye una thamani yake. Ila na tufikiri: Clapton alichagua vipande vile kwa sikio lake na kwa mkono wake. Michubuko aliipata kwa kazi. Michubuko ya kununuliwa haiwezi kumfundisha mtu wimbo hata mmoja.

Wala tusidhani kwamba mafunzo haya yako Ulaya tu. Mwaka 1952, bwana Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, huko Kongo, kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco. Mwenda alipiga gitaa la mbao lisilo na umeme, naye aliimba kwa Kiswahili. Alitumia kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba likishika nyuzi nene za chini, na kidole cha shahada kikicheza juu, hata msikilizaji asiyemwona hudhani kwamba ni magitaa mawili. Sahani zake za santuri zilisikiwa mbali sana, na wapiga gitaa wa nchi hizi zetu wakajifunza kwake. Walichokitafuta katika sahani zile kilikuwa ni mwendo wa vidole vyake.

Basi, wewe kijana usiyetosheka na gitaa lako, nakupa shauri la mambo matatu. La kwanza, badili nyuzi. Nyuzi huharibiwa na jasho la vidole na uchafu, na kwetu pwani hewa ya chumvi huzitia kutu upesi. Uzi mzee hutoa sauti iliyofifia, na mwenyewe hudhani ya kuwa gitaa ndilo lililokufa. La pili, litazame gitaa lenyewe. Ubao huvimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, na shingo yaweza kupinda kidogo. Nyuzi zikikaa juu mno, vidole huumia. Zikikaa chini mno, hugonga vyuma vya shingoni na kulia ovyo. Fundi mzuri aweza kulirekebisha kwa fedha kidogo kuliko bei ya gitaa jipya. La tatu, chukua karatasi, uandike kwa maneno machache ni jambo gani utakalo kulipiga ambalo gitaa lako limekataa. Ukiweza kuliandika, una haki ya kutafuta chombo kingine kwa kadiri ya mfuko wako. Usipoweza, iache karatasi ile mwezi mzima, na kila siku ufanye mazoezi ya saa moja.

Nasema haya kwa sababu fedha ya gitaa mara nyingi si ya mpigaji peke yake. Ndani yake mna karo ya mdogo wake, na mbegu za shamba, na dawa ya mzee nyumbani. Tena deni la gitaa lina ubaya wake: chombo kipya hupendeza siku chache, kisha sikio hukizoea, na utamu hupungua, lakini deni halipungui kwa kuzoewa. Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako wa zamani waujua, nao wakujua. Ule mzuri upitao barabarani una mwenyewe.

Je, mpiga gitaa aweza kutosheka? Na chombo chake, naam, aweza, akiwa ajua akitakalo. Na upigaji wake, sidhani, wala simwombei. Kadiri mkono unavyojifunza, sikio nalo hutangulia mbele kidogo, likaudai zaidi mkono. Kutotosheka huko hakumfilisi mtu, tena humfikisha mbali. Basi jioni ya leo, kabla ya kulitamani gitaa la jirani, lifute vumbi lililo lako, uzikaze nyuzi zake, ulipe saa moja.