Mwindaji Asiyeonekana

 

Wengi wenu mwawafahamu mbwa wa mawindo. Mmewaona wakimzingira mnyama, huyu mguuni, yule sikioni, hata akaishiwa nguvu. Huko kusini mwa Italia, katika magofu ya mji wa kale wa Herculaneum, iko nyumba iitwayo Nyumba ya Ayala. Imepewa jina hilo kwa ajili ya sanamu mbili za marumaru zilizofukuliwa bustanini mwake. Kila moja yaonyesha ayala, mnyama afananaye na kulungu wetu ila pembe zake zina matawi, akishambuliwa na kundi la mbwa. Wamemrukia, wanamuuma, naye hana pa kupita. Fundi yule alijua kuchonga!

Lakini mwindaji hayumo. Aliyewatuma mbwa hakuchongwa. Tajiri na wageni wake walistarehe bustanini, wakimtazama.

Ndugu zangu, ndivyo yatendekavyo hata vijijini kwetu. Bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni huitwa mchawi. Kundi huja usiku na mapanga. Kesho yake polisi huwasaka vijana. Ila yule aliyenong'ona kwanza, kilabuni, kisimani, au (niseme wazi) nje ya kanisa baada ya Misa, yuko kwake anakunywa chai. Pengine alilitamani shamba la yule bibi.

Mwaka 79 mlima Vesuvio ulilipuka. Watu wa Herculaneum walikimbilia ufukweni, wakajibana katika vyumba vya kuwekea mashua. Tangu mwaka 1980 wachimbaji wamekuta huko mifupa ya watu wapatao 300, wazee kwa watoto, wamesongamana. Sisemi kwamba Mungu aliwaadhibu kwa sababu ya sanamu. Bwana wetu aliikataa hesabu ya namna hiyo alipotaja mnara wa Siloamu. Nawataja kwa kuwa siku ile hapakuwa na mtu aliyebaki bustanini kutazama. Wote walikuwa upande wa ayala.

Makatekista watakaolizungumza jambo hili katika jumuiya ndogondogo waanze na Zaburi ya 22, pale mteswa anaposema habari za mbwa waliomzunguka. Kisha wawaulize wanajumuiya: katika kijiji chetu, ni nani anayeogopa kulala usiku huu?