Daraja la Tacoma na Mabaraza ya Wahandisi

Iko desturi katika shule za uhandisi za vyuo vikuu, nayo ni hii: mara kwa mara, aghalabu kila juma, mwalimu au mwanafunzi mmoja husimama mbele ya wenzake akawaeleza utafiti wake. Huonyesha michoro, hutaja hesabu zake, kisha huulizwa maswali, na maswali hayo mara nyingine ni makali kuliko ya hakimu. Tena ziko siku katika mwaka ambapo milango hufunguliwa kwa watu wote, wazee kwa watoto, waje watazame mashine na kuuliza wapendavyo. Wako wasemao kwamba mambo hayo ni kupoteza wakati, maana kazi ya mhandisi ni kujenga, si kusema. Habari ya daraja la Tacoma yafaa isikiwe na watu wa namna hiyo.

Tacoma ni mji wa bandari katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi ya Marekani. Karibu nao uko mlango wa bahari wenye maji ya kasi, na tarehe 1 Julai, 1940, daraja lilifunguliwa juu yake. Lilikuwa daraja la kuning'inia: minara miwili mirefu imesimama majini, kamba nene za chuma zimepita juu ya minara, na njia ya magari imetungikwa katika kamba hizo. Toka mnara hata mnara ulikuwa mwendo wa futi 2,800, na ulimwenguni kote yalikuwako madaraja mawili tu yaliyolipita kwa jambo hilo. Lakini upana wake ulikuwa futi 39 tu.

Mhandisi wa jimbo, Clark Eldridge, alikuwa amechora daraja lenye mbavu za chuma zilizofumwa kimiani, kimo chake futi 25. Mpango wake ukaonekana una gharama nyingi. Mhandisi mashuhuri wa New York, Leon Moisseiff, akaleta mchoro mwingine. Badala ya kimiani aliweka kuta za mabamba ya chuma kila upande, zenye kimo cha futi 8. Daraja likawa jembamba, la kupendeza macho, tena la bei nafuu. Uzito wa magari ulikuwa umehesabiwa sawasawa. Hata upepo wa kulisukuma kwa ubavu ulihesabiwa. Ule wa kuliinua na kulishusha ndio usiohesabiwa.

Hata kabla ya kufunguliwa, wajenzi waliliona linacheza. Upepo mdogo ulitosha kuifanya njia ipande na kushuka kama mawimbi, hata dereva akaliona gari lililo mbele yake likizama na kuibuka tena. Watu wakalipa jina la utani, wakaliita Gertie apigaye mbio kama farasi, na wengine wakatoka mbali kuja kulipanda kwa furaha. Wenye daraja hawakufurahi. Walilifunga kwa kamba za chuma kwenye vitalu vizito vya zege, kamba zikakatika.

Basi jambo likapelekwa katika shule ya uhandisi ya University of Washington, mjini Seattle, kwa Profesa F. B. Farquharson. Profesa akajenga mfano wa daraja zima uliopunguzwa mara 200, na mfano wa kipande cha njia uliopunguzwa mara 20, akaipima katika upepo wa mashine. Tarehe 2 Novemba, 1940, alikuwa na jibu. Zile kuta ziliukinga upepo usipite, nao ukivunjika juu na chini yake uliitikisa njia. Dawa zilikuwa mbili: ama kuzitoboa kuta matundu, ama kuzivika mabamba ya kuuelekeza upepo uteleze. Ya pili ikapendelewa, kwa kuwa chuma kikiisha tobolewa hakirudi kuwa kizima.

Dawa imepatikana, lakini siku zilizobaki zilikuwa tano.

Asubuhi ya 7 Novemba upepo ulivuma kiasi cha maili 40 kwa saa, wala haikuwa tufani. Profesa alikuwa amefika darajani na kamera zake. Yapata saa nne, daraja likabadili mchezo wake. Likaanza kujipinda, ubavu mmoja juu na mwingine chini, kama nguo inayokamuliwa. Leonard Coatsworth, mhariri katika gazeti la Tacoma, alikuwa darajani ndani ya gari lake. Gari halikushikika tena. Akatoka, akatambaa kwa mikono na magoti mpaka akafika penye usalama. Ndani ya gari alibaki mbwa, jina lake Tubby.

Profesa akaenda kumwokoa. Alishika mstari wa katikati ya njia, maana pande mbili zilipokuwa zikipinduka, katikati palitulia. Alilifikia gari, lakini mbwa kwa hofu akamwuma mkono, wala hakukubali kutoka. Profesa akarudi mikono mitupu. Ilipopita saa tano, sehemu ya katikati ikaanguka baharini pamoja na gari na mbwa. Hakufa mtu.

Jambo la kuhuzunisha zaidi lilionekana baadaye, wataalamu walipofunua vitabu vya kale. Gati la kuning'inia la Brighton, Uingereza, lilikuwa limevunjwa na upepo mwaka 1836, na mtu aliyeshuhudia alichora picha ya njia yake ikijipinda vile vile. Daraja la Menai, katika nchi ya Wales, liliharibiwa na upepo mwaka 1839. Daraja la Wheeling, huko huko Marekani, lilianguka mwaka 1854. John Roebling, aliyechora daraja la Brooklyn, aliyaogopa mambo hayo akayatilia nguvu madaraja yake. Watu wa 1940 walikuwa na elimu kupita Roebling, ila habari zile zilikuwa hazisimuliwi tena.

Tangu hapo zinasimuliwa. Filamu ya daraja likianguka huonyeshwa wanafunzi wa uhandisi katika nchi nyingi, na maneno juu yake hayakuisha upesi. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba upepo ulilisukuma daraja kwa mapigo ya kadiri moja, kama mtu asukumaye bembea. Mwaka 1991 Yusuf Billah na Robert Scanlan walionyesha kwamba sivyo. Msikilizaji na amkumbuke mtoto apulizaye jani kati ya vidole gumba: pumzi ni moja, haina mapigo, lakini jani latetemeka hata likalia. Mtetemeko wenyewe huichota nguvu ya upepo na kuzidi kukua.

Daraja jipya lilifunguliwa tarehe 14 Oktoba, 1950. Kabla ya kujengwa, mfano wake uliopunguzwa mara 50 ulipimwa na Profesa Farquharson chuoni katika nyumba ya upepo. Mbavu zake ni za kimiani, kimo chake futi 33, na kati ya njia za magari pana nafasi upepo upite. La pili lilifunguliwa ubavuni mwake mwaka 2007.

Shule ile ya Seattle ina siku zake za kuwakaribisha watoto wa shule. Huko, kama katika shule nyingi za uhandisi, watoto wamezoea kujenga madaraja ya vijiti na kuyatwika mizigo mpaka yavunjike. Kisha vipande huokotwa na kutazamwa, daraja lilianza kuvunjika wapi.