Ganzi ya Mkono na Uzito wa Mguu
Mhadhara wa umma, Busawe



Maradhi nitakayoyasema leo aghalabu huanza usiku: mtu huamka mkono umekufa ganzi, akaukung'uta kando ya kitanda mpaka hisia zirudi, akalala tena, na alfajiri akaenda kukama ng'ombe kana kwamba halikutukia jambo. Mkung'uto huo, ambao mgonjwa hauoni kuwa ni neno la kumwambia tabibu, kwangu ni ushahidi wenye thamani kubwa, maana wanaoufanya aghalabu ni wale ambao mshipa wao wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, katika njia nyembamba iliyo baina ya mifupa na utepe mgumu, ambamo kano tisa za vidole hupita pamoja na mshipa huo mmoja. Basi humwomba akunje mikono, migongo ya viganja ikigusana, nikahesabu dakika moja. Ganzi ikipanda katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hali kidole cha mwisho kimesalimika, nimekwisha kupajua mahali. Kisha hutazama ile nofu ya chini ya gumba, ambayo ikiwa imebonyea, tumekawia.

Walakini katika mkoa huu wa Mara tabibu hana ruhusa ya kuharakia hukumu. Mwaka 1985, katika ukame, wilayani Tarime watu walipooza miguu kwa sumu ya mihogo michungu isiyotayarishwa kwa muda wa kutosha. Ndiyo konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo. Mwenye konzo hukakamaa miguu yote miwili kwa ghafla, na goti lake likigongwa kwa kinyundo huruka kwa nguvu. Bali aliyechuchumaa kutwa akipalilia, au aliyefungwa plasta ikambana chini ya goti, huburuza unyayo mmoja tu, nao una ganzi mgongoni, kwa kuwa mshipa umegandamizwa juu ya mfupa mwembamba, upande wa nje wa goti. Kumpasua mwenye konzo ni kumjeruhi bure. Aidha, mshipa ulio nyuma ya kiwiko ukivimba kama kamba, tafuteni baka lisilohisi mguso, kwani huenda ni ukoma, na dawa yake mseto hutolewa bila malipo.

Aliyebanwa kifundo cha mkono, nasi tumemwahi, humfunga gango usiku ili kifundo kikae sawa. Pasipo gango la hospitali, ubao mwembamba na kipande cha kanga vyafaa. Baadhi huhitaji sindano ya kupunguza uvimbe. Isipofaa, ule utepe hukatwa, mgonjwa akiwa macho, mkono tu umetiwa dawa ya ganzi. Nyuzi za mshipa zilizokwisha kufa huota polepole, kadiri ya milimita 1 kwa siku, na nofu iliyobonyea huenda isijae tena. Ila wengi, tangu siku za mwanzo baada ya utepe kukatwa, hulala hadi asubuhi pasipo kuukung'uta mkono.