Juma la kijana lihesabiwe

 

Ku mitaa yetu kuko neno moja lenye linatuchosha. Ukimaliza masomo, ukikosa buro ya kuingia, watu wanasema: "Ule hana kazi, anashinda tu." Hata sisi wenyewe tunalirudilia. Leo ninaomba tuhesabu juma moja la kijana, saa kwa saa, tuone kama ni kweli. Nitahesabu juma langu, juu njo lenye ninajua muzuri.

Tangu siku ya kwanza mpaka siku ya tano, saa mbili ya asubui mpaka saa nane, niko Birere ku meza ya kutengeneza telefone. Ni kazi ya macho na mikono: kufungua bila kupasua kioo, kukausha mayi yenye iliingia ndani, kutoa kisehemu cha kuingizia shaji na kushikisha kingine kwa chuma cha moto. Kuko siku ya kupata franka elfu kumi, na kuko siku ya kurudi nyumbani na harufu ya moshi ku nguo, basi. Hiyo ni saa 30.

Siku ya pili na siku ya ine, kisha kazi, mimi ni mwanafunzi. Fundi mukubwa anatuonyesha namna ya kusoma michoro ya ndani ya telefone. Michoro iko mu Kiingereza, basi tunajifunza na Kiingereza hapo hapo, maneno kumi kwa juma, na mega zenye tumechangia. Saa 4.

Siku ya kwanza na siku ya tatu, mimi ni mwalimu. Niko na wamama 14, wanauza makala, samaki na vitunguu. Hawakuanza na kuniomba a-e-i-o-u. Waliomba kitu kimoja: kuandika majina ya watu wenye kuwa na deni yao. Basi tulianzia pale. Mama mwenye kuandika jina la mwenye deni leo, kesho atasoma karatasi mbele ya kuitia kidole. Saa 4 za kufundisha, na saa 2 za kutayarisha.

Siku ya posho, tunakutana ku parseli ya rafiki, juu ya mawe meusi ya volkano. Wengine wanachora, wengine wanacheza ngoma, mimi ninatunga slamu mu Kiswahili chetu cha hapa. Saa 3. Kuko wenye wanaita ile mambo ya watoto. Lakini mutu mwenye kuzoea kusema mbele ya watu mia bila kutetemeka, njo huyo atasimama siku moja mbele ya mukubwa na kuuliza pesa ya kodi inaenda wapi.

Muhesabu pamoja na mimi: saa 43. Sheria ya kazi ya inchi yetu inaweka mwisho wa juma ku saa 45. Na sikuweka saa za kusimama na bidoni tukingoja mayi, sisi wenye kuishi pembeni ya ziwa Kivu. Basi nani anashinda tu?

Lakini wandugu, mufanye angalisho. Kuko watu watafurahi sana kusikia hesabu hii. Watasema: "Munaona? Vijana wanajitafutia, serikali ipumzike." Tangu zamani watu wanacheka juu ya "kifungu cha 15", eti katiba inasema kila mutu ajitafutie. Mufungue katiba ya 2006. Kifungu cha 15 kinaagiza viongozi kuondoa ubakaji na jeuri zote za namna hiyo. Hakuna kifungu chenye kusema mujitafutie.

Kuko kingine. Cha 36 kinasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu, na serikali inapashwa kulinda raia juu ya ukosefu wa kazi. Cha 43 kinaweka masomo ya musingi kuwa bila malipo ku masomo ya serikali. Cha 44 kinasema kumaliza ujinga wa kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa, na serikali itengeneze mupango wake. Cha 46 kinalinda uhuru wa kutunga na kuchora. Juma langu lote liko ndani ya karatasi ile. Sisi tunafanya sehemu yetu. Sehemu ingine iko wapi?

Sasa kitu chenye kimenileta. Wale wamama walikuwa wanajifunza mu chumba cha masomo fulani. Wenye chumba wakaomba malipo ya kila mwezi, tukakosa. Leo tunafundisha chini ya shitingi, ndani ya parseli ya mama mumoja. Mvua ya mwezi wa kenda iko karibu. Ikianza mbele ya sisi kupata chumba, madaftari yatalowana, wamama watabaki nyumbani, na watarudilia kutia kidole.

Hatuombi mushahara, hatuombi nyumba mupya. Tunaomba chumba kimoja chenye paa, saa ine kwa juma, wakati watoto wamekwisha kurudi nyumbani. Tutapeleka barua kwa mukubwa wa mutaa, na kopi kwa meya. Pamoja na barua tutapeleka hesabu ya saa za kila mumoja wetu: yenye anafanya kazi, yenye anajifunza, yenye anafundisha, yenye anatunga. Na wale wamama 14 watatia saini wenyewe, kwa herufi, mumoja mumoja.

Kuko daftari mbili hapa mbele: ya kwanza ni ya majina, ya pili ni ya saa. Mupite, muandike.